Msitu haukuwa umekatwa, ulikuwa umepukutika

Ramani yangu ya kwanza ilionyesha kwamba karibu nusu ya msitu imeliwa na mashamba ndani ya miaka kumi. Nilijiona nimegundua jambo kubwa. Siku chache baadaye nikaenda nayo msituni, nikasimama katikati ya eneo nililolipaka rangi ya shamba. Miti ilikuwepo yote, imesimama wima, haina jani hata moja.

Kosa lilikuwa la tarehe. Picha ya zamani ya setilaiti ilikuwa ya msimu wa mvua na mpya ya kiangazi, na nilizichagua kwa sababu tu hazikuwa na mawingu. Uoto hupimwa kwa kulinganisha mwanga mwekundu, ambao majani mabichi huufyonza, na infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, ambayo majani huirudisha kwa wingi. Majani yakishapukutika, msitu na shamba lililovunwa hukaribia kufanana.

Nikaanza upya, safari hii na picha kadhaa za msimu uleule kwa kila mwaka. Kisingizio cha fedha sikuwa nacho: kumbukumbu za Landsat, mfululizo wa setilaiti za Marekani zinazopiga picha za ardhi, zinaanzia 1972, na tangu 2008 zinatolewa bure. Zile za Landsat 7 niliziruka, kwa kuwa kifaa chake kimoja kiliharibika Mei 2003 na tangu hapo kila picha ina michirizi mitupu inayomeza takriban asilimia 22 ya eneo. Landsat 5 ilikuwa bado inafanya kazi, ikaniziba pengo. Kisha nikatembea na GPS kuhakiki pointi 120 kwa miguu. Kazi hiyo inachosha kuliko zote, na sijapata njia ya kuikwepa.

Upande wa wanyama nilikuwa nimekosea vilevile. Nilitaka kujua kama paa wanaukimbia ukingo wa msitu pale mashamba yanapousogelea. Kamera za kutegea zilizokuwa ndani ya msitu zilileta paa wengi. Zile za ukingoni zilileta maelfu ya picha za majani yakiyumba. Nilikuwa tayari kuandika kwamba paa wamehama, mpaka mzee aliyekuwa akinionyesha njia alipochungulia mbele ya kamera moja akacheka: "Mwanangu, paa ni mfupi, majani ni marefu. Ulitaka arukeruke ndiyo umwone?"

Kamera hizo hunasa joto linalosogea. Majani yaliyopashwa na jua yakiyumba huidanganya kamera, na mchana wa joto kali mnyama hatofautiani sana na kilicho nyuma yake. Tulifyeka majani, tukashusha kamera hadi usawa wa goti, tukaziacha mahali palepale kwa muda mrefu zaidi.

Hesabu ndiyo iliyonifungua macho. Tuseme kamera ina nafasi 1 kati ya 5 ya kumnasa paa katika usiku mmoja, pale ambapo paa yupo kweli. Baada ya siku 14, uwezekano wa kumkosa kabisa ni kama asilimia 4 tu. Nafasi hiyo ikishuka kuwa 1 kati ya 10 kwa sababu ya majani, uwezekano wa kumkosa ndani ya siku hizohizo unapanda hadi karibu asilimia 23. Kwa hiyo sikuzilinganisha tena kamera kwa idadi ya picha. Nilitumia modeli ya takwimu inayokadiria mambo mawili kwa pamoja: kuwepo kwa mnyama, na uwezo wa kamera kumwona. Modeli hiyo haiwezekani bila kurudia uchunguzi kila kituo, ndiyo maana nilirekodi usiku mmojammoja badala ya jumla ya mwezi.

Matokeo yalipungua ukubwa, jambo lililoniuma kidogo. Msitu umepungua kweli, lakini zaidi kandokando ya barabara. Paa bado wapo ukingoni, ila karibu picha zao zote ni za usiku, wakati wale wa ndani hupita hata saa nne asubuhi. Sijui bado kama wanaogopa watu, mbwa, au wanafuata tu kilichopandwa. Msimu ujao nitaongeza kamera kwenye njia za mbwa.