Kichwa namba 7 kinaimba: kumbukumbu ya kichupa cha mpwa wangu

2 Machi

Mpwa wangu aliachia singo yake ya kwanza mwezi uliopita, na walioisikiliza ni sisi wa nyumbani na wenzake wa kijiweni. Jana kaja na shilingi 80,000 mkononi. "Shikamoo anko. Nataka kichupa." Kwa hela hiyo dairekta wa video za muziki hata simu hapokei. Lakini mimi kazi yangu ni kuchora mabango, na hapa Ngamiani vichwa vingi unavyoviona kwenye kuta za saluni za kiume nimevichora mimi: kiduku, panki, boksi, lowkata, kila kimoja na namba yake chini ili mteja aonyeshe kidole tu. Nikamwambia, tuchukue kichwa namba 7 cha saluni ya pale kona. Kifumbue macho, kigeuke, kiimbe kiitikio.

Wazo lina mwenyewe. Nikiwa mdogo jirani alikuwa na mkanda wa video wenye nyimbo za Kizungu, na mmoja ulikuwa Take On Me wa a-ha, vijana 3 kutoka Norway. Dada amekaa mkahawani London anasoma kitabu cha katuni, mara mkono wa penseli unachomoza ukurasani kumwita. Siku ile nilimaliza daftari zima la hesabu nikichora mikono.

Mpwa kanuna kidogo kusikia tunaiga kitu cha 1985. Nikamweleza kwamba ngoma ile nayo ilianguka mara ya kwanza. Ilitoka 1984, Uingereza wakaipita kama hawaioni, na kichupa chake cha mwanzo kilikuwa wanabendi wakiimba tu. Ikarekodiwa upya chini ya prodyuza mwingine, Alan Tarney, kisha Steve Barron akatengeneza hicho kichupa cha penseli, na Oktoba 1985 ikawa namba 1 Marekani. Hapo uso ukakunjuka.

8 Machi

Hesabu kwanza. Biti ya wimbo ni mapigo 100 kwa dakika. Kiitikio kina mizunguko 8 ya mapigo manne manne, jumla mapigo 32, sekunde 19 na kidogo. Wachoraji wengi wa katuni huchora picha 12 kwa sekunde. Nikijaribu 12 kwangu haikai: kila pigo linapata picha 7 na chembe, na ngoma inadondokea katikati ya picha. Nikishuka hadi 10, kila pigo linapata picha 6 kamili. Mpwa nitamrekodi kwa simu kwanza, kisha nichore kwa kufuata video yake. Simu inarekodi fremu, yaani picha mojamoja za video, 30 kwa sekunde, kwa hiyo nachora kila fremu ya tatu. Jumla: picha 192.

Michael Patterson na mkewe Candace Reckinger, waliochora ile ya a-ha, walifanya takriban fremu 3,000 kwa wiki 16. Ukigawa ni kama 27 kwa siku, Jumapili zikiwemo. Mimi 192 zitanishinda?

14 Machi

Tumeshuti ndani ya saluni yenyewe. Mpwa kakaa kwenye kiti cha kunyolea, shuka jeupe nyuma yake, simu imefungwa kwa mpira kwenye stuli. Tulianza saa 10 jioni kwa sababu kinyozi alikuwa na wateja, na tukamaliza kiza kinaingia. Kumbuka hili la kiza, litarudi.

21 Machi

Mbinu inaitwa rotoskopu, ya zamani kuliko babu yangu: mtengeneza katuni Max Fleischer aliiombea hataza huko Marekani mwaka 1915. Unarekodi mtu halisi, unachora juu ya kila fremu. Yeye alikuwa na projekta na kioo. Mimi nina kioo cha dirisha lililovunjwa, matofali mawili, na balbu chini. Fremu nazichapisha kwa wino mweusi, juu naweka karatasi nyembamba.

Karatasi 5 za kwanza zimeharibika zote, kwani kila nikibadilisha, kichwa kinahama milimita mbili tatu, na ukizipitisha haraka mpwa anaonekana kama anasafiri na daladala la barabara ya vumbi. Dawa imekuwa boliti mbili nilizozikaza kwenye ubao chini ya kioo, na panchi ya ofisini. Kila karatasi inatobolewa, inavishwa kwenye boliti, haiendi popote. Picha moja dakika 14.

29 Machi

Picha 70. Nimezipiga picha zote kwa simu, nimezipanga, nimeweka wimbo. Pigo la kwanza, safi. La tano, safi. Kufika mzunguko wa tatu mdomo wa mpwa umeshaukimbia wimbo, unafunga wakati sauti bado ipo, kama zile filamu zinazotafsiriwa juu kwa juu.

Nimehangaika siku mbili nikidhani nimeruka karatasi. Kumbe ni kile kiza. Simu ikiona mwanga haba inaacha kila fremu ikae wazi muda mrefu zaidi ili ipate mwanga, kwa hiyo fremu zinapungua, si 30 tena kwa sekunde. Mimi nilikuwa natoa kila ya tatu kwa kuhesabu, na hesabu ilikuwa sahihi mwanzoni tu, jua likiwepo. Sasa nimeitumia programu ya bure ya ffmpeg kutoa picha 10 kwa kila sekunde kwa kufuata saa, bila kujali fremu ziko ngapi. Picha 41 zimekwenda na maji. Mke wangu kazitumia kuwashia mkaa.

6 Aprili

Nimetulia na kuitazama ile ya a-ha polepole, fremu moja moja, kwa mara ya kwanza maishani. (Walishaisafisha kwa ubora wa 4K mwaka 2019, kwa hiyo unaona hadi chembe za penseli.) Kilichonisumbua ni rangi. Mabango yangu yana mandharinyuma ya buluu, ile buluu ya saluni, na kila karatasi nilikuwa naipaka upya kwa rangi ya maji. Ukizipitisha, buluu inapiga kama taa mbovu. Inaumiza macho.

Wao hawana rangi kabisa. Ni penseli juu ya weupe. Mistari ya kivuli shavuni mwa mwimbaji wao, Morten Harket, inabadilika kila mchoro, imelala hivi, imesimama vile, na hakuna aliyejaribu kuinyoosha. Inacheza, lakini weupe wa karatasi umekaa kimya nyuma yake, ndiyo maana jicho halichoki. Mimi nilikuwa nafanya kinyume: mistari naibana kwa rula ya macho hadi kichwa kinakuwa kigumu kama sanamu, halafu buluu ndiyo naiachia icheze.

Kwa hiyo buluu nimeipaka mara moja tu, karatasi moja kubwa, kwa rangi ileile ya mafuta ninayopakia ukutani. Vichwa nachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba na kompyuta inavilaza juu ya buluu. Mkono nimeuachia. Nywele sizihesabu tena. Picha moja sasa dakika 6.

7 Aprili

Mpwa kaja kuangalia. Kakaa kimya, akarudisha mara nne, kisha: "Anko, mbona umenipa pengo?" Analo pengo, la juu kushoto. Kwenye bango namba 7 hana, kwa sababu vichwa vya saluni havifungui mdomo. Tumebishana. Pengo limebaki.

19 Aprili

Masika imeanza. Umeme ukikatika nafanya kazi dirishani, kioo nimekiegemeza kwenye nondo. Jumapili moja nimefikisha picha 22, rekodi yangu. Jumla 128. Ya 97 hadi 102 ndiyo naipenda kuliko zote: anavuta pumzi kabla ya mstari wa mwisho, mabega yanapanda, na sikio linasogea kidogo sana. Sikuwahi kujua kwamba mtu akivuta pumzi ya kuimba sikio lake linasogea. Nimejaribu kwenye kioo cha kabati, ni kweli.

Prodyuza wake kakubali kumiksi upya ule wimbo, sauti ilikuwa imezama kwenye ngoma. Nimemsihi mapigo yabaki 100. Akiongeza hata mawili namuachia mpwa 192 zake achore mwenyewe.

3 Mei

Picha 174. Zimebaki 18, na ndizo ngumu: kichwa kinarudi kwenye bango, kinafumba macho, kinakuwa namba 7 tena. Mchoro wa mwisho lazima ukae juu ya bango halisi bila kupishana hata unywele, kwa sababu hapo ndipo tunahama kutoka karatasi kwenda ukutani.

Leo nimekwenda kupiga picha bango. Mvua ya wiki mbili imembabua namba 7 kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni. Kinyozi anataka nimpake upya kesho, wateja wanacheka. Nimemwomba asubiri niamue kwanza: nimpake alivyokuwa, au nimpake kwa kufuata picha ya 192, tayari na uso wa mpwa. Kaniuliza kama huyo mpya atakuwa na pengo.