Nilivyotandika barafu ya msimu kwenye uwanja wa mji mdogo

Timu ya hoki ya barafu ya ECHL, ligi ya ngazi ya tatu Amerika Kaskazini, hucheza nyumbani mechi 36 kwa msimu. Barafu yake hulala pale tangu Oktoba hadi Aprili, usiku na mchana, na bili ya umeme haiulizi kama leo kuna mechi. Binghamton, New York, walikuwa na timu ya AHL, ligi ya ngazi ya pili. Mwaka 2021 ikahamia Utica, wao wakabaki na timu ya FPHL, ligi iliyo chini mno. Wengi wakieleza kwa nini mji mdogo hupoteza timu huzungumzia wamiliki na wadhamini. Mimi niliye chumba cha mashine naanza na unene wa barafu.

Nililenga sentimita 2.5 hadi 3. Kwa uwanja wa mita 61 kwa 26, hizo ni kati ya lita 35,000 na 42,000 za maji. Ikizidi hapo, barafu yenyewe inakuwa blanketi: maji ya chumvi yanayozunguka kwenye mabomba chini ya zege lazima yawe baridi zaidi ili juu pagande vilevile, na kompresa hazipumziki.

Joto la zege nililishusha polepole kwa siku mbili hadi nyuzi -9. Ukiharakisha, zege linapasuka. Kisha nikafagia na kupiga deki, maana vumbi moja linabaki doa msimu mzima. Tabaka za kwanza nilinyunyiza kama ukungu, kila moja chini ya milimita moja, nikingoja igande kabla ya kurudia. Zilipofika milimita 3 nikapiga rangi nyeupe mara tatu, nikaifunga kwa minyunyizo miwili, ndipo nikachora mistari: ule wa kati na ile ya buluu upana sentimita 30, ya goli sentimita 5.

Hapa ndipo wengi huharibu. Juu ya mistari pita na maji baridi, kidogo kidogo. Ukimwaga mengi, nyekundu inavuja kwenye nyeupe na hakuna dawa ila kukwangua na kuanza upya. Hata baadaye, unapojaza kwa mpira wa maji, usizidishe milimita moja na nusu kwa mara moja. Maji mengi hukimbilia upande wa bonde kabla hayajaganda, na madini yake husukumwa juu yakaacha barafu laini yenye rangi ya maziwa. Hesabu siku tatu, usiku ukiwemo, kwa zamu.

Msimu ukianza, kazi ni kuzuia barafu isinenepe. Kila wiki nilitoboa kwa drili kwenye vituo vilevile, biti ikiwa na alama za milimita. Pembeni huongezeka, mbele ya magoli huisha. Ukimwachia dereva wa Zamboni, gari la kukwangua na kulainisha barafu, anyunyizie tu bila kukata, ndani ya mwezi una sentimita 5 karibu na kuta. Maji ya kulainishia yawe ya moto, nyuzi 60 hivi: yana hewa kidogo na huyeyusha mikwaruzo ili tabaka jipya lishike.

Kwenye umeme, nilichogundua ni kwamba wateja wakubwa hulipia pia kilele cha matumizi cha mwezi. Dakika chache za kuwasha kompresa zote pamoja na kipunguza unyevu zinakugharimu mwezi mzima. Nikaziachanisha. Usiku pasipokuwa na waliokodi uwanja nilipandisha joto la zege nyuzi mbili, nikalirudisha saa kadhaa kabla ya watoto wa asubuhi.

Linalobaki ni mtambo wenyewe wa kupoozea. Viwanja vingi vya zamani vinatumia R-22, gesi ya kupoozea ambayo Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza na kuiingiza tangu Januari 2020. Iliyopo ni ya akiba na ya kuchakatwa. Amonia, gesi nyingine ya kupoozea, hutumia umeme vizuri, lakini ikivuja inaua: kwenye uwanja wa Fernie, Kanada, iliua wafanyakazi watatu mwaka 2017. Kwa hiyo kila saa nne niliandika shinikizo la kuvuta na la kutoa, joto la maji ya chumvi yakienda na yakirudi, na kiwango cha mafuta ya kompresa. Tofauti ya kwenda na kurudi ikikua huku mzigo ni uleule, mtiririko umepungua. Tazama pampu na kichujio kwanza. Madaftari hayo ya miaka miwili ndiyo niliyompa mhandisi wa manispaa alipoulizwa kama mtambo unafaa ukarabati au ubadilishwe.