Nilivyopata frikwensi ya mawimbi ya graviti ya enzi ya kwaki kwa kalamu na karatasi

Wakuu, nilikuwa natafuta frikwensi ya mawimbi ya graviti (mitikisiko ya anga-wakati) ambayo yangetoka enzi ulimwengu mchanga ulipojaa kwaki, chembe zinazounda protoni. Kuna jamaa alinishauri eti kani kali ya nyuklia, ile inayoshikanisha kwaki, haina shida, unapanga mfululizo wa maneno ya hesabu, unakokotoa neno la kwanza, yanayofuata ni masahihisho madogo tu. Madogo wapi! Karibu na joto la MeV 155 (MeV ni elektronivolti milioni moja, kipimo cha nishati), yaani kelvini trilioni 1.8 hivi, pale kwaki na gluoni (chembe zinazobeba kani hiyo) zinapojifunga kuwa protoni na wenzake, kushikana kwao ni kukali mno, neno moja linashusha presha, linalofuata linairusha juu kupita hata ya gesi huru, lingine linaivuta tena chini, na mimi nimekaa tu naangalia bembea. Bando la kama elfu tano nalo likaishia humo.

Nikaona isiwe tabu, gluoni siziulizi kitu. Joto likiwa MeV 150 ulimwengu una umri wa kama sekunde milioni-moja 24 (mikrosekunde hizo), na upeo wake (umbali ambao mwanga umeweza kufika), ukizidisha umri mara mbili kisha kasi ya mwanga, unatoka kilometa 14 hivi. Umbali wa daladala! Sasa entropia haipotei, kwa hiyo gawanya joto la kale kwa la leo (kelvini 2.7), weka kizidisho cha idadi ya aina za chembe, unapata ulimwengu umetanuka kama mara trilioni moja. Zile kilometa 14 leo ni mwaka nuru mmoja na nusu na kidogo, na wimbi la urefu huo lina frikwensi ya nanohezi 20 hivi (nanohezi ni sehemu ya bilioni ya hezi). Nilipiga meza, maana ndiko wanakosikiliza wanaotumia pulsa (nyota zinazozunguka na kutuma mapigo ya redio), kundi la watafiti la NANOGrav mwaka 2023 walitangaza ushahidi wa mawimbi ya graviti ya nanohezi kwa pulsa 67.

Ila msikimbilie kusema ni kwaki. Hesabu za kompyuta za mwaka 2006 zilionyesha badiliko lile lilikwenda taratibu kama samli inavyolainika, hakuna mapovu ya hali mpya ya kugongana kama kwenye maji yanayochemka, na bila mapovu kelele ya mawimbi inakuwa ndogo sana. Mshukiwa wa kwanza ni mashimo meusi makubwa yanayozungukana mawili mawili. Mapovu yanahitaji kani kali nyingine, iliyojificha, na ikiwa kwenye GeV 100 (yaani MeV laki moja) na mapovu madogo mara mia kuliko upeo, frikwensi inapanda hadi milihezi, eneo la LISA, kifaa cha angani cha kusikiliza mawimbi hayo kinachopangwa kurushwa 2035.

Halafu badilisheni kelvini 2.7 kuwa elektronivolti kwanza kabla ya kugawanya.