Nilivyokadiria idadi ya shore msituni Mufindi kwa pete za rangi

Ukungu wa Mufindi, kusini mwa Tanzania, ukishuka, unamsikia ndege aitwaye shore mmoja kulia, mwingine kushoto, na huwezi kuapa kwamba si yule yule. Kwa hiyo tulipopata kibali cha kunasa ndege katika kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba ya chai, niliamua kutumia alama: unamnasa ndege, unamvalisha pete mguuni, unamwachia, kisha unarudi kuangalia wenye pete ni sehemu gani ya wote. Petersen wa Denmark aliiwekea njia hii msingi kwa samaki mwaka 1896. Mwaka 1930 Lincoln wa Marekani akaitumia kwa mabata, akitegemea pete zilizorudishwa na wawindaji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme umevalisha pete ndege 40, baadaye ukakutana na 50, na 20 kati yao wana pete. Zidisha 40 kwa 50, gawa kwa 20: msituni mna ndege kama 100.

Kazi iko kwa ndege mwenyewe, maana aliyewahi kunaswa anaweza kuukwepa wavu. Mzee tuliyekuwa tukitega naye ndiye aliyeliona kwanza: "Mwanangu, hawa wenye pete wanapita juu ya wavu." Katika mfano ule, wavu ukileta 10 tu wenye pete badala ya 20, jibu linaruka hadi 200. Ndege 100 wa ziada hawapo kabisa, na anayepanga hifadhi ataamini wapo!

Basi awamu ya pili tuliziacha nyavu, tukaingia msituni asubuhi na darubini. Kila shore aliandikwa kwa sharti moja: miguu yote miwili ionekane. Asiyeonyesha miguu hakuandikwa, hata akiimba juu ya vichwa vyetu. Sharti hilo nalithamini kuliko fomula yoyote, kwa sababu jicho hukimbilia rangi. Ukiwaandika wenye pete kwa wepesi kuliko wenzao, idadi inashuka bila sababu. Pete za kijani na buluu nilikuwa nimeziepuka, kwani kwenye kivuli hufanana.

Tulimaliza kabla makinda hayajaanza kuruka, kwa kuwa kila kinda anayeingia kundini hana pete. Kwenye ripoti niliandika kiwango cha chini na cha juu, nikaambatanisha ramani ya kipande tulichopita, ili idadi ile isibebeshwe msitu mwingine.