Nilivyoyafanya matuta yakae kwenye shamba la mteremko

Shamba langu liko Lushoto, Tanzania, ubavuni mwa mlima, mahali ambapo ukiangusha kabichi unaifuata bondeni. Masika yakikolea, maji yanateremka na udongo mweusi wa juu, yanatuachia ule mwekundu usiozaa kitu cha maana. Dawa yake huku hakuna asiyeijua: matuta. Kazi ni kuyafanya yakae.

Bwana shamba alinifundisha kutumia fremu ya A. Unachukua miti miwili iliyonyooka, mirefu kidogo kuliko mtu, unaifunga pamoja juu, unatanua miguu na kukaza mti wa tatu katikati. Kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kileleni. Unaisimamisha, unatia alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, kisha unageuza miguu, wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Kisha unatembea nayo shambani, mguu huu na ule, na kila kamba inapotulia katikati unachomeka kigingi. Mstari wake unapinda mlima unavyopinda, na macho yatakuambia umekosea. Usiyasikilize.

Nikachimba fanya juu: mtaro unafuata vigingi, na udongo wake wote unatupwa upande wa juu. Mvua zikija, udongo unaoteremka unanaswa nyuma ya tuta, na msimu hadi msimu ngazi inajijenga. Lakini tuta tupu halina maisha marefu. Juu yake nikapanda nyasi za guatemala na matete, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa, maana nyasi zinakula nafasi ya maharage. Mimi nina ng'ombe wa zizini: nyasi zinakatwa zinakwenda zizini, samadi inarudi shambani. Bila ng'ombe huyo, sijui kama ningekuwa na subira hiyo.

Kilichonisumbua zaidi ni maji ya jirani wa juu. Shamba lake halikuwa na tuta hata moja, na mvua yake yote ilikuwa yangu. Nilipomwendea alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mwanangu, matuta tuliyachimba kwa kulazimishwa. Mimi siyataki tena." Ni kweli. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliwashurutisha watu wa milima hii kuchimba matuta, na chuki ile ilirithiwa. Sikubishana naye. Nilimwomba jambo moja tu: "Mzee, niruhusu nipande majani mpakani, kwa mbegu zangu, na ukatie mbuzi wako." Akakubali. Yalipokuwa marefu, mbuzi wake wakawa wanashiba bila kuchungwa, na yeye mwenyewe akaja kuomba vipandikizi vya kupanda katikati ya shamba lake. Neno matuta hatukulitaja. Baadaye kitongoji kiliitisha msaragambo, yaani kazi ya pamoja, tukachimba mfereji wa kupeleka maji ya ziada korongoni badala ya kila mtu kumtupia mwenzake.

Miti nayo ina hesabu zake. Mkaratusi unakua upesi na mbao zake zinauzika, ila kuupanda chini karibu na chemchemi ni kuikausha, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Nilichagua migrivea, nikaipanda kando ya matuta. Matawi ninayopogoa yanatosha sehemu kubwa ya kuni za nyumbani, kwa hiyo mama watoto hapandi tena kuelekea msitu wa Magamba, ambao ndio unaotulishia mito.

Sasa hivi ninapambana na fuko. Wametoboa tuta la juu, na maji yakishapata tundu hayaombi ruhusa. Nashindilia mawe, naweka udongo, napanda guatemala juu yake kabla vuli haijaanza.