Fomu inataka mwaka mmoja, sisi tuna mitatu

Afisa maendeleo ya jamii wa kata katupa fomu ya kusajili kikundi chetu cha maua, na swali la juu kabisa likatugombanisha: kikundi kilianzishwa mwaka gani? Jina tunalo. Katiba kaiandika binti wa mweka hazina, imenyooka. Lakini mwaka! Na bila usajili huwezi kuomba ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Sisi tunataka tangi la maji na neti ya kivuli, basi.

Katibu wetu ni mwalimu mstaafu, anapenda mambo yawe na uzito. Alikuja na kurasa mbili zilizochapwa steshenari. Kwa mujibu wake, historia ya kikundi cha maua cha kina mama wa Ngamiani, Tanga mjini, inaanza mwaka 1902, Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea kule Amani, Usambara Mashariki. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono.

Amani napapenda, asinielewe mtu vibaya. Ukitoka kwenye joto la Muheza ukapanda ile milima, ukifika juu unatafuta kanga ya pili. Lakini bustani ile haikupandwa kwa ajili ya bibi zetu. Ilikuwa ya kujaribia mazao ya mashamba makubwa ya walowezi: kahawa, mpira, miti ya kwinini, viungo, chochote cha nchi za joto ambacho kingeleta fedha. Mkonge wenyewe, uliofanya Tanga ijulikane duniani, uliitangulia Amani. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na mwaka 1893 iliyofika hai ilikuwa 62. Waliokuja kuchomwa na miba ya mkonge huo hawakuulizwa wanapenda maua gani. Walipoingia Waingereza, Amani ikaendelea, na hapo katibu ana hoja: miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey alikuwa akizalisha pale mihogo ya kuhimili ugonjwa wa batobato, na batobato anaijua kila mwenye kijishamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya. Haya, sisi na kikundi chetu tunaingilia wapi hapo?

Kama lazima tuwe na hadithi ya mzungu na ua, ipo ya karibu zaidi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kijiua cha zambarau, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, akakipa jina Saintpaulia ionantha. Kijiua hicho hakiko milimani tu. Kinaota pia kwenye nyufa za mawe ya chokaa upande wa Amboni na Mkulumuzi, pua na mdomo na mjini. Leo kimejaa madirishani Ulaya, na Wamarekani wana chama chake tangu 1946, chenye maonyesho na majaji. Majaji! Sisi Ngamiani wengi wetu hatujakitia machoni. Unachomeka jani moja kwenye udongo mwepesi kivulini, linatoa mche. Ila msituni msikiguse, kimebaki kidogo.

Mwaka wa pili anao bibi wa Mwanzange, mkubwa wetu kwa umri. Nilimfuata kwake.

"Shikamoo bibi. Kikundi kilianza lini?"

"Marahaba mwanangu. Kilianza arusi zilipokosa vikuba."

Kikuba ni kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake. Zamani, anasema, kila ua ulikuwa na asumini penye wigo, mrehani pale yanapotokea maji ya kuogea, na mkadi pembeni kabisa kwa sababu ya miba. Ikitokea arusi, watoto wanatumwa na sinia nyumba kwa nyumba. Halafu nyua zikajengwa vyumba vya kupangisha, miti ikakatwa, na siku moja kwenye arusi ya mjukuu wake sinia lilirudi na mrehani mtupu. Hapo ndipo yeye na majirani walipoanza kugawana vijiti vya kupandikiza. Mwaka? "Andika wa arusi ya Mwanaidi," akaniambia, kana kwamba afisa wa kata alialikwa.

Nilimkuta anatengeneza kikuba. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado imefumba, ifunguke usiku mvaaji akiwa ameshakaa. Alipanga mrehani chini, juu yake ukanda mwembamba wa mkadi, kisha asumini moja moja, uzi kaubana kwa meno. Lililokwisha kufunguka alilitupa bila kuliangalia mara mbili: "Hili lishanukia jana."

Mwaka wa tatu ni wa daftari. Tulikuwa tunacheza upatu, tukakubaliana kila anayepokea alete na mche. Kijumbe akaanza kuandika, na ukurasa wa kwanza una tarehe ya 2013. Ndiyo kumbukumbu pekee tuliyonayo kwa maandishi, na kusema kweli inachekesha: "Nyumba ya kona, asumini miwili. Mama Mdogo, hakuleta, anasema mbuzi kala."

Mimi naamini kilianza kwa bibi. Lakini fomu haina nafasi ya arusi, kwa hiyo tumeandika 2013 na kuambatisha nakala ya ukurasa ule, mbuzi na yote. Katibu alinuna, tukampa kazi ya kupanga safari ya Amani, akaacha kununa. Kurasa zake atatusomea kwenye basi, hakuna pa kukimbilia.

Tulichokosa ni mkilua, mti mwingine wa maua ya kunukia. Upo wa mtu mmoja Chumbageni, na mwenyewe hatoi hata mbegu. Kama wewe uko Pangani au Muheza na unao uani, tuandikie. Tutakuja na asumini ya kubadilishana, na nauli ni juu yetu.