Siku Moja Maishani Mwangu: Kisirani cha Alfajiri, Mbagala

Saa 10:30 alfajiri. Alamu inalia juu ya kabati la vyombo. Nimeiweka mbali kwa makusudi, maana ikiwa karibu naizima na kujiibia dakika kumi, kisha naamka na kisirani mara mbili. Nasimama gizani. Ndala moja siioni, ndoo iko njiani, mume wangu anakoroma, na vyote vinanikera. Akili haiamki kwa mpigo mmoja. Ukikurupushwa kutoka usingizi mzito, ule uzito na hasira huweza kukaa dakika 15 hadi 30, na aliyelala kidogo hukaa nao zaidi.

Saa 10:40. Nawasha taa, nanawa uso, nabandika chai ya tangawizi. Sisemi neno. Ndiyo kanuni ya nyumba yetu tangu mwaka jana: kabla mama hajamaliza kikombe, hakuna kuulizana pesa wala kulaumiana. Kanuni hii ina chanzo chake, nacho kinaniuma mpaka leo. Asubuhi moja nilimsikia binti yangu wa darasa la tatu, nyuma ya pazia, akimnong'oneza baba yake: "Baba, mama ameamkaje leo?" Mtoto alikuwa anapima hali yangu kabla hajathubutu kutoka kitandani. Sikuwa nimewahi kumpiga asubuhi. Nilikuwa nafoka tu, nikidhani kufoka si kitu.

Saa 11:15. "Shikamoo mama." "Marahaba." Basi. Namvuta mapajani, namfunga vifungo vya shati la shule. Mdomo ukiwa bado mchungu, mikono inaweza kusema mapenzi.

Saa 12:00, kituo cha Rangi Tatu. Tunagombea mlango wa daladala, abiria na konda wanazozana kwa chenji. Zamani ningeingilia. Sasa natafuta dirishani, mwanga wa jua unipige usoni, maana mwanga ndio unaouambia mwili kumekucha.

Saa 2:00 nafungua duka la vitenge Kariakoo. Mteja wa kwanza anafunuliwa doti sita, anaondoka bila kununua, nami namwambia karibu tena dada, kwa moyo kabisa. Huyu ndiye mimi. Mchana unakwenda kwa kupima, kukunja na kula wali maharage wa mama ntilie. Muuza kahawa akipita saa 10 jioni akigonga vikombe vyake, simwiti, ingawa naipenda sana. Kahawa ya jioni hukaa mwilini saa nyingi, na mimi deni lake nalilipa alfajiri.

Saa 2:00 usiku ndipo kazi yenyewe ya asubuhi inapofanyika. Nauli juu ya meza, sare imepigwa pasi, ndoo imejazwa. Nauliza: "Nani ana mchango wa shule au daftari limeisha? Aseme sasa hivi." Leo ni penseli tu.

Saa 3:30 nazima simu. Nikipata saa saba, nusu saa ya kununa hupungua kweli. Binti yangu anakuja kuniaga, anainama, anapanga ndala zangu mbili sambamba chini ya kitanda, kisha anakwenda kulala.